Nani aliupa moyo kazi ya uhakimu?

Kwenye mkesha wa mwisho wa mwezi uliopita, mhubiri alimhoji mama mmoja wa makamo aliyekwenda mbele kutubu. Mama akaeleza kwa sauti ya chini kwamba dhambi yenyewe ni ya zamani, alishaitubu, lakini kila akipiga magoti inamrudia. Mtumishi akamjibu kwenye maikrofoni: "Ukiona moyo bado unakushtaki, ujue hukutubu kwa kumaanisha." Watu wakasema amina. Muda si mrefu ikatangazwa namba ya kutuma sadaka ya ukombozi. Kumbe damu ya Yesu nayo siku hizi ina makato.

Hebu tumsome Daudi vizuri. Nabii Nathani alipomkabili kwa habari ya Bathsheba, mke wa Uria, aliyezini naye, na kifo cha Uria aliyemuua, Daudi alikiri, na jibu likaja papo hapo, 2 Samweli 12:13: Bwana ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Sasa fungua Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaitaja siku ileile ya Nathani. Mstari wa tatu: "dhambi yangu i mbele yangu daima." Mtu keshaambiwa imeondolewa, na bado anaiona. Naye hakumaanisha? Au Paulo, ambaye alishakuwa mtume na kupanda makanisa, anawaandikia Wakorintho kwamba hastahili hata kuitwa mtume kwa sababu aliliudhi Kanisa la Mungu. Nani atamkemea Paulo mapepo?

Kukumbuka ni jambo moja, kuhukumiwa ni jambo lingine kabisa. Msamaha unasimama juu ya neno la Mungu, na neno hilo halingoji mimi nijisikie vizuri Jumatatu asubuhi. Ningengoja moyo wangu utulie ndipo niamini, ningekuwa naamini moyo wangu.

Martin Luther, yule wa Matengenezo ya Kanisa, alipokuwa mtawa, alikuwa akiungama kwa saa nyingi mpaka mlezi wake, Staupitz, akachoka naye. Leo angeambiwa ana pepo, roho ya kukataliwa.

Haya, nakubali, shingo upande: ziko hatia zisizofaa kubembelezwa. Ukila hela za kikoba, ukatubu chumbani peke yako, halafu usingizi ukakuruka, usimsumbue mchungaji. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Peleka hela za watu.

Lakini aliyekwisha kurudisha? Au yule ambaye mama yake alikufa kabla hawajapatana, mnataka akarudishe wapi? Huyo hahitaji kuchunguzwa kama alilia vya kutosha. Msomeeni 1 Yohana 3:20, kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Na akirudi wiki ijayo na machozi yaleyale, msomeeni tena.