Reli ya Voi hadi Taveta ingali njia

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nihamie Bristol, Uingereza, na kila siku ya kazi hutembea kwenye njia ambayo zamani ilikuwa reli. Treni za abiria ziliacha kupita hapo mwaka 1966, za mizigo zikakoma miaka michache baadaye, kisha vyuma vikang'olewa, ukabaki ukanda wa vichaka na miiba. Leo ni njia ya lami ya kilomita 21 hivi kutoka Bristol hadi Bath, na asubuhi utakuta humo wanafunzi, wazee wenye mikongojo, akina mama wanaosukuma vigari vya watoto na waendesha baiskeli wanaopiga kengele wakiwa nyuma yako. Karibu na Staple Hill inaingia kwenye handaki la mita zaidi ya 400, lenye taa na ubaridi hata siku ya jua kali.

Kila nikitoka upande wa pili wa handaki hilo huikumbuka Mwatate, kwetu Kenya. Reli yetu ya Voi hadi Taveta ilianza kujengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915, kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka, nami nimekulia kando yake. Imekaa miaka mingi bila treni, lakini watu hawajaacha kuipita. Mama mkubwa wangu huifuata hadi leo akitoka kuokota kuni, mzigo mgongoni, na asiyewahi kutembea juu ya mataruma, yale yanayolazwa kukingama chini ya vyuma vya reli, hawezi kujua taabu yake: ukikanyaga kila taruma unadonoadonoa kama kuku, ukiruka moja unapasua msamba, na ukishuka pembeni kokoto zinakuteleza chini ya ndala. Anaivumilia kwa sababu njia nyingine ni ukingo wa barabara kuu, ambako malori ya mpakani humpita yakiacha upepo unaompepesua.

Nyumbani nikipendekeza reli yetu nayo igeuzwe njia ya miguu huambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Naliheshimu jibu hilo, lakini silikubali. Sehemu ya kwanza ya njia ya Bristol, upande wa Bath, ilitengenezwa mwaka 1979 na watu wa kujitolea waliofyeka vichaka na kusambaza kokoto, na kazi yote ikakamilika mwaka 1986. Walichokuwa nacho, na ambacho sisi tunakaribia kukipoteza, ni ukanda wa ardhi ambao haujakatwakatwa. Reli haina thamani kwa mtembea kwa miguu isipokuwa iwe imeungana, kwa kuwa ukuta mmoja tu unatosha kumrudisha barabarani. Nilipokuja likizo mara ya mwisho nilikuta seng'enge imevutwa juu ya tuta, mahali tulipokuwa tukipita kwenda shule, na nyuma yake mahindi yamekwisha kufika kiunoni. Simlaumu sana aliyelima. Ardhi isiyo na mtumiaji rasmi itapata mtumiaji asiye rasmi.

Wengine wanahofia, na kwa haki, kwamba tukiigeuza reli kuwa njia ya miguu tutafunga mlango kwa treni kurudi. Hofu hiyo ni ya kweli katika nchi ambayo reli ya Nanyuki ilikaa kimya miaka mingi na kisha ikafufuliwa mwaka 2020. Lakini pale Bitton, kwenye njia hiihii ninayoitembea, wapenda reli walirudisha kipande cha vyuma, na treni ya moshi hupita kando ya watembeaji pasipo ugomvi. Ukanda unaotembewa kila siku ni rahisi zaidi kuurudishia treni kuliko ukanda uliojengwa nyumba, kwa maana hakuna wa kumbomolea.

Sipendekezi urefu wote. Baada ya Maktau reli inaingia Tsavo Magharibi, na huko ni kwa ndovu. Nazungumzia kipande cha Mwatate hadi Bura tu, ambacho wanafunzi na akina mama tayari wanakitembea, na ambacho hata mzee angekimudu kwa sababu reli ilijengwa kuifuata miteremko ya pole ambayo injini ingeweza kuipanda. Lami si lazima: njia ya udongo ulioshindiliwa kando ya mataruma, upana wa watu watatu, inatosha kwa kuanzia. Kabla ya udongo huo, hata hivyo, naiomba serikali ya kaunti ikae na Shirika la Reli la Kenya, wapimaji waje, na mawe ya mipaka yasimamishwe mbele ya wazee wa vijiji husika, kuanzia pale penye seng'enge.