Mwiba wa nyuki: wazee wa Sikonge hawajakosea kiasi hicho

Kila msimu wa kulina asali ukifika huku Tabora ubishi unaanza upya. Upande mmoja wako vijana waliopita semina za ufugaji nyuki na baadhi ya manesi wetu, wao wanasema ukidungwa marufuku kuushika mwiba kwa vidole maana utaikamua sumu yote iingie mwilini, tafuta kadi au mgongo wa kisu ukwangue taratibu, alafu achana na vitunguu vya bibi uende zahanati. Upande wa pili wako wazee wa Sikonge na Urambo waliolala kambi za asali porini miaka na miaka, kwao mwiba unang'olewa kwa kucha papo hapo, unapulizia moshi, unapaka chochote kilichopo, kazi inaendelea. Wanaochekwa ni wazee. Mi kwenye hili la mwiba nawaona wazee ndo wako sahihi.

Nyuki akidunga anaacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu na misuli yake, na ile misuli inaendelea kusukuma yenyewe hata kama nyuki kasharuka zamani. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipima inavosukuma, wakakuta angalau asilimia 90 ya sumu imeshaingia ndani ya sekunde 20, na ndani ya dakika moja imeisha. Sekunde 20 jamani. Hebu mfikirie mtu yuko juu ya mti kwenye mzinga wa magome, usiku, mkono mmoja kashika tawi, anaambiwa atafute kadi. Mpaka avue glavu, apapase mfuko, aulize nani ana kisu, huo mwiba unaokwanguliwa kwa ustaarabu hauna tena kitu, sumu yote anayo yeye. Mwaka 1996 ukatoka utafiti mwingine kwenye jarida la kitabibu la The Lancet, waliojaribu walijidunga wenyewe nyuki, mara wanakwangua, mara wanabana kwa vidole, mara wanachelewesha. Kukwangua na kubana havikuleta tofauti yoyote kwenye uvimbe, kilicholeta tofauti ni kuchelewa, hata kuchelewa kwa sekunde chache tu. Kile kifuko hakikamuliki kama dawa ya mswaki, kina vali zake zinazosukuma kidogo kidogo. Karibu miaka 30 imepita na kwenye makaratasi ya semina kadi bado ipo, sijui nani anayachapisha.

(Nyigu ni habari nyingine, yeye haachi mwiba, na anaweza kurudia kudunga atakavyo, kwa hiyo hapo hamna cha kucha wala kadi, ni miguu.)

Na ule moshi wazee wanaopulizia pale mtu alipodungwa, ambao vijana wanauita ushirikina. Nyuki akidunga anaachia harufu ya kuita wenzake, inakaribiana na ndizi mbivu, na inabaki kwenye ngozi na nguo zako. Moshi unaifunika. Haupunguzi maumivu hata kidogo ila unapunguza kudungwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi, na mtu wa kambini anaogopa ya kumi kuliko ya kwanza.

Sasa vya kupaka. Kitunguu, majivu, asali, ndimu, magadi, dawa ya mswaki. Hapa siwezi kuwatetea wazee kwa nguvu ileile maana ushahidi wa kueleweka ni mdogo sana, kinachotuliza bila ubishi ni kuosha na sabuni alafu kuweka kitu cha baridi, na kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini kinafanya hiyo kazi. Ila tuwe wa haki kidogo. Ile habari ya nyuki weka magadi, nyigu weka siki au ndimu, wengi wetu hatukuipata kwa bibi, tumeipata kwenye kemia ya sekondari, tindikali na besi zinauana. Na haifanyi kazi. Maumivu ya nyuki yanaletwa zaidi na melitini, ambayo ni karibu nusu ya sumu kavu, tindikali sio tatizo, na isitoshe sumu imeshaingia chini ya ngozi wakati magadi yako yako juu. Hata aspirini ya kusaga ukapaka imeshajaribiwa Australia, haikupunguza uvimbe wala maumivu, ngozi ikabaki nyekundu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kumcheka bibi na kitunguu chake huku unapaka magadi kisa ulisoma, hapana.

Upande wa manesi nao wana hoja, na kuna moja wazee hawataki kabisa kuisikia. Mzee anasema kitunguu kimemsaidia miaka 40, lakini mzee huyo kadungwa mara ngapi? Mwili unaodungwa sana unaizoea sumu. Wafugaji waliochunguzwa Ulaya, wanaodungwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka ndo hawapati matatizo makubwa, wanaoteseka ni wale wa mara chache chache. Yaani kitunguu kimepewa sifa za kinga ya mzee mwenyewe, alafu anampaka mjukuu aliyekuja likizo. Alafu kuna mambo ya hatari moja kwa moja: mafuta ya taa yanaunguza ngozi, kuchanja wembe ni kidonda juu ya kidonda, tope la zizini ni kutafuta pepopunda, ndimu karibu na jicho usithubutu.

Ila kinachonikera zaidi kwa hawa wa semina ni hilo neno lao jepesi la "nenda hospitali". Mtu mwenye aleji mwiba mmoja unatosha, anaota vipele mwili mzima, midomo na koo vinavimba, pumzi inakata, presha inashuka. Daktari mmoja Uingereza alifuatilia vifo vya namna hii, kwa waliouawa na wadudu nusu yao moyo au pumzi vilikuwa vimesimama ndani ya dakika 15 hivi. Dakika 15! Toka kambi ya asali ndani ya miombo mpaka zahanati yenye mtu zamu usiku, bodaboda haijawahi kutumia dakika 15, na hapo pikipiki iwepo, na iwe na mafuta. Kinachookoa pale ni adrenalini, ya kuchoma kwenye paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, na mgonjwa alazwe chali miguu juu, kama anashindwa kupumua akae, asisimamishwe wala kutembezwa. Piritoni, kile kidonge cha aleji, inapunguza muwasho tu, haifungui koo. Zile sindano za kujichoma mwenyewe ni ghali na huku kuzipata ni shughuli, lakini adrenalini ya kawaida ni dawa ya siku nyingi na iko kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo ukimwambia mrina asali aache kitunguu aende hospitali, umemnyang'anya alichonacho ukampa kitu kisichomfikia.

Aliyevamiwa na kundi zima yeye apelekwe hata kama anaongea vizuri, hasa mtoto. Hapo sio aleji, ni wingi wa sumu, inaharibu misuli na figo, na dalili zinaweza kuchelewa, mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi mmeshachelewa sana.

Vikundi vyetu vya wafugaji nyuki vinaomba mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, vinaandika mizinga, mavazi, bomba la moshi, ndoo. Sijaona anayeandika mtu mmoja wa kambi kufundishwa na mganga wa zahanati kuchoma adrenalini, wala utaratibu wa dawa hiyo kwenda porini msimu wote. Semina ijayo ile nusu saa ya kadi ya kukwangulia wangeipa hilo, na aliyedungwa zamani akavimba uso abaki kijijini kuchuja asali.