Walter Spies alikuwa mwanafunzi wa Bali, si mwalimu wake

Ukisoma chochote kuhusu uchoraji wa Bali, kisiwa cha Indonesia, huchukui muda kabla hujakutana na jina la Walter Spies, na likitajwa tu linavikwa cheo: baba wa sanaa ya kisasa ya Bali, Mjerumani aliyewafumbua Wabali macho. Mimi nakiona ni kilemba cha ukoka. Nawapenda wachoraji wachache wa Kizungu wa karne iliyopita kama ninavyompenda yeye, na ndiyo maana sifa hii inanikera. Inamgeuza kuwa mwalimu mtu ambaye maisha yake yote aliyapitisha akijifunza kwa wengine.

Alizaliwa Moscow mwaka 1895, kwa wazazi Wajerumani wenye uwezo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Mjerumani ndani ya Urusi akawa adui, na kijana Walter akapelekwa kizuizini upande wa milima ya Ural. Huko aliishi jirani na Wabashkiri na Watatari, akaanza kufuatilia nyimbo zao. Baada ya vita alikaa Dresden na Berlin, akawa mwandani wa F. W. Murnau, yule aliyeongoza filamu ya Nosferatu, na angeweza kubaki huko akitafuta jina. Mwaka 1923 akapanda meli kwenda Java, wakati huo koloni la Uholanzi. Mjini Bandung alipiga piano kwenye sinema ili apate riziki. Yogyakarta, sultani akampa kazi ya kuongoza orkestra yake ya Kizungu. Lakini kilichomkamata humo kasrini ni gamelan, ile bendi ya upatu na vyombo vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo. Akajifunza, akaiandikia nota, akajaribu kuihamishia kwenye piano mbili.

Alihamia Bali mwaka 1927 kwa mwaliko wa Cokorda Gede Raka Sukawati, mkubwa wa Ubud, akajenga nyumba Campuan, pale mito miwili inapokutana. Kuanzia hapo hadithi yake huwa orodha ya wageni: Charlie Chaplin, Margaret Mead, Miguel Covarrubias, Vicki Baum. Tuwaache, wameshaandikwa vya kutosha.

Kinachoandikwa kidogo ni jinsi kisiwa hicho, ambacho wageni walikiona kama pepo ya duniani, kilivyopatikana. Mwaka 1906 majeshi ya Uholanzi yaliingia Badung, na mwaka 1908 Klungkung. Watu wa majumba ya kifalme walitoka wamevaa nguo nyeupe, majambia mkononi, wanawake na watoto wakiwemo, wakaielekea mitutu ya bunduki. Waliouawa ni mamia kwa mamia. Baada ya aibu hiyo, Waholanzi wakageuka walezi wa utamaduni wa Bali, wakataka kisiwa kibaki "asilia", na mwaka 1928 ikafunguliwa Bali Hotel mjini Denpasar kwa ajili ya watalii wa meli. Spies alifika miaka 19 tu baada ya Klungkung. Wachoraji aliowakuta hawakuwa watu waliolala wakisubiri kuamshwa. Falme zilizowapa kazi zilikuwa zimevunjwa, na mnunuzi mpya alikuwa mtalii anayetaka picha inayoingia kwenye sanduku la safari.

Mtazame I Gusti Nyoman Lempad. Spies anafika Ubud, Lempad tayari ni fundi mkubwa, mjenzi na mchongaji wa majumba na mahekalu. Kalamu yake ya wino ina mstari mwembamba usiotetereka, watu warefu wenye vidole vinavyopinda, na nafasi kubwa nyeupe iliyoachwa makusudi. Hakuna hata alama ya Spies humo. Chama cha Pita Maha kilipoundwa mwaka 1936, Lempad alikuwa miongoni mwa viongozi, pamoja na Spies, Mholanzi Rudolf Bonnet na Cokorda Gede Agung Sukawati, ndugu wa yule aliyemwalika Spies. Kazi ya chama ilikuwa kuchuja picha, kulinda ubora na kutafuta soko. Hiyo ni kazi ya maana, lakini si ya kumfundisha mtu kushika brashi. Nikubali hapa kwamba vijana kama Anak Agung Gede Sobrat walichukua kwake mwanga na vivuli, hilo linaonekana kwa macho. Ila kuazima mbinu kwa jirani si kuzaliwa upya.

Na yeye aliazima zaidi kwa Wabali. Kwenye picha zake za Bali, jua hupenya nyuma ya miti, kivuli cha mkulima na mnyama wake kikatanda juu ya majaruba yaliyojaa maji. Unafika mwisho wa mandhari, kumbe juu yake kuna upeo mwingine, na mkulima mwingine mdogo, kama vile mahali pamoja pameonekana saa mbili tofauti. Kusema huo ni uhalisia wa Kizungu ni kutotazama.

Kecak, ngoma ya Bali inayochezwa kwa sauti tupu, ndiyo kesi ngumu. Wanaume wengi wamekaa kwa duara ndani ya duara, kifua wazi, kiunoni kitambaa cha miraba myeusi na myeupe, taa katikati, hakuna chombo hata kimoja. Midomo tu inapokezana "cak-cak-cak" kwa kasi huku hadithi ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, ikichezwa. Watalii huambiwa ni mila ya kale. Kibwagizo kweli ni cha kale, kimetoka kwenye sanghyang, ibada ya kupandwa na roho, lakini umbo hili la jukwaani ni la miaka ya 1930, na mchezaji Wayan Limbak ana sehemu yake kamili pamoja na Spies. Kumtaja mmoja tu ni dhuluma.

Desemba 31, 1938 alikamatwa katika msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya mashoga, kwa kosa la uhusiano na vijana walio chini ya umri wa kisheria. Alifungwa hadi Septemba 1939. Wapo wanaoificha sehemu hii ili sifa yake isichafuke. Sioni sababu, ni sehemu ya habari zake, na pengo la nguvu kati ya Mzungu na vijana wa koloni lilikuwepo. Mei 1940 Hitler alipoivamia Uholanzi, akarudi kizuizini, safari hii kwa kuwa Mjerumani. Januari 19, 1942 meli ya Van Imhoff iliyowabeba wafungwa Wajerumani ilipigwa bomu na ndege ya Japani karibu na kisiwa cha Nias. Mabaharia Waholanzi walijiokoa, wafungwa zaidi ya 400 wakafa, Spies akiwemo. Meli nyingine ya Kiholanzi, Boelongan, iliwafikia waliokuwa bado hai majini ikakataa kuwachukua.

Ukitaka kuanza kumjua, usianze na picha za rangi zinazopiganiwa kwenye minada. Tafuta kitabu cha ngoma na maigizo ya Bali alichoandika na Beryl de Zoete, kilichotoka mwaka 1938. Kina picha alizopiga mwenyewe. Humo wanaozungumziwa ni Wabali, yeye yuko nyuma ya kamera.