Kisiwa Kilichobakiwa na Ndege

Nilipomtumia mjomba wangu wa Juani, kisiwa kidogo cha huko kwetu Mafia, Tanzania, picha nilizopiga katika kisiwa cha Hirta, Scotland, hakusema lolote kuhusu majabali wala ndege. Aliuliza tu, "Mbona humu hamna watu?" Nimeishi Glasgow miaka kumi na mmoja, nimezoea kusikia visiwa vya Scotland vikisifiwa kwa ukimya wake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujiunga na wanaousifu. Haya ninayoyaandika ni jibu langu kwake, na ni hoja yangu kwa Wamafia wenzangu tulioko ughaibuni, ambao kila tukirudi kutoka likizo husemezana kwamba nyumbani ni vurugu tupu na kwamba wenzetu huku ndio wanaojua kutunza visiwa.

Wanajua, hilo silikatai. Mwishoni mwa Juni mwaka jana nilikwenda hadi Uig katika kisiwa cha Skye, nikapanda feri ya kwenda Lochmaddy, nikalala siku mbili North Uist kungoja upepo utulie. Huko wakati huo wa mwaka jua huzama kwenye saa nne na nusu usiku, na giza lenyewe haliingii sawasawa, hata mtu anayetaka kuswali Isha akitazama mbingu hubaki anajiuliza kama ni Isha au Alfajiri. Nikiwa nje kwa sababu hiyo, nilisikia ndani ya majani sauti mfano wa mtu anayekwangua meno ya kitana kwa ukucha, mara mbili mbili, bila kupumzika. Ni ndege ambaye jina lake la kisayansi, Crex crex, limetokana na huo mlio. Ni nadra kumwona, kwani hujificha kwenye nyasi ndefu, na majira ya baridi ya Ulaya yeye huyamaliza Afrika, kusini mwa Sahara. Niliona haya kidogo: yeye huenda Afrika kila mwaka, na mimi nilikuwa sijafika kwa miaka minne.

Ndege huyu alikuwa akisikika karibu kote Uingereza, lakini mashine za kukatia majani zilipoingia mashambani vifaranga vikawa vinakatwa pamoja na majani, na leo wengi wa waliosalia wako kwenye visiwa hivi vya magharibi. Wamesalia kwa sababu huku bado kuna wakulima wadogo, wenye ng'ombe wachache na kipande cha majani, ambao hulipwa ili wachelewe kukata, na wanapokata waanzie katikati ya shamba kwenda pembeni, ili vifaranga vipate pa kukimbilia. Mkulima akihama, magugu yakamea ovyo, ndege naye huhama. Nilipoelezwa haya sikuyatilia maanani sana. Uzito wake niliuona baada ya kufika Hirta.

Hirta ndicho kisiwa kikubwa katika funguvisiwa la St Kilda, kiasi cha kilomita 64 magharibi ya North Uist, na boti yetu iliyotoka Leverburgh, katika kisiwa jirani cha Harris, ilichukua karibu saa tatu. Mimi, mtoto wa Mafia niliyevuka kwenda Nyamisati, bandari ya bara, kwa mashua tangu sijajua kusoma, nilitapika njia nzima mbele ya wazee wa Kizungu waliokuwa wakinywa chai. Kabla ya kushuka tulitakiwa kukagua mikoba yetu, isije ikawa na panya, kwa maana panya mmoja mwenye mimba anaweza kumaliza mayai ya ndege wa kisiwa kizima. Naam, ndege wapo: mwamba wa Stac an Armin umechomoza baharini mita 196, na kwa mbali unaonekana kama umepakwa chokaa, kumbe ni ndege weupe waitwao ganeti waliobanana pamoja na kinyesi chao. Genge la Conachair lina mita 430 hivi kutoka ukingoni hadi majini. Wanaume wa Hirta walikuwa wakiteremka magenge hayo kwa kamba, miguu mitupu, kutafuta ndege wa baharini waitwao fulma na pafini kwa ajili ya kula, mafuta yao ya kuwashia taa, na manyoya ya kulipia kodi kwa mwenye kisiwa, bwana mmoja wa ukoo wa MacLeod aliyekaa Skye.

Kijiji chao kingalipo. Ni mtaa mmoja uliojipinda kufuata ghuba, na nyuma yake mlima umejaa vibanda vya mawe vilivyoezekwa kwa udongo wenye majani, zaidi ya 1,200 Hirta peke yake, ambamo walikausha nyama ya ndege. Niliingia katika kimoja. Kuta hazina udongo wala chokaa, mawe yamepangwa tu, na upepo hupita katika nyufa kwa mluzi mwembamba. Kondoo wadogo wa kahawia walikuwa wamelala humo na harufu ya samadi yao ilikuwa kali. Katika nyumba za mtaani, ambazo nyingi hazina paa, kuna vibao vya mawe vyenye majina ya watu wa mwisho kukaa humo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya ndege wowote.

Watu wa mwisho, 36, waliondoka tarehe 29 Agosti 1930. Waliomba wenyewe kuhamishwa, na ndiyo maana simulizi hii husemwa kwa upole, kana kwamba ni uamuzi tu. Lakini katika karne ya 19 watoto wao wengi walikuwa wakifa kwa pepopunda siku chache baada ya kuzaliwa, mwaka 1852 watu 36 wengine walikwenda Australia na wengi wao wakafia safarini, na vijana waliozidi kuhama waliwaacha wazee bila mikono ya kutosha kuvuta boti. Asubuhi ya kuondoka, inasimuliwa, waliacha katika kila nyumba Biblia iliyofunuliwa na punje chache za nafaka. Serikali iliwapa wanaume kazi ya misitu huko bara, watu waliotoka kisiwa kisicho na mti hata mmoja. Mwaka uliofuata, 1931, kisiwa kiliuzwa kwa bwana mwingine aliyekitaka kiwe hifadhi ya ndege. Katika miaka michache hiyohiyo, panya wa majumbani wa aina ya pekee aliyepatikana Hirta tu alitoweka kabisa, kwa kuwa aliishi kwa makombo na joto la watu. Leo wako wafanyakazi wa kituo cha rada, watafiti wa kondoo na walinzi wa hifadhi, wote wa zamu. Mwenyeji hakuna.

Sasa turudi nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, yenye kilomita za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake: Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Wenzangu huona hilo ni kasoro. Wanaona mikutano ya kelele kuhusu nyavu na mipaka, wavuvi wakigomba kwamba maeneo mazuri yamefungwa, akina mama wakiuliza fedha za watalii zinaishia wapi. Mimi siku hizi kelele hizo nazipenda. Ni kelele za watu waliopo. Kasa wanaotaga Juani hulindwa na vijana wa Juani, wanaojua mchanga upi umefukuliwa usiku na nani amepita. Popo wakubwa wa Chole huning'inia kwenye miembe juu ya vichwa vya watoto wanaokwenda chuoni. Hata huku Scotland wapo walioelewa hivyo: wakazi wa kisiwa cha Eigg walichanga na kuomba mpaka wakakinunua kisiwa chao mwaka 1997, na tangu 2008 wana umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua. Tukitafuta wa kuiga, tuanzie Eigg.

Ila liko jambo moja ambalo Hirta imetushinda, nalo linaniuma. Juani tunayo Kua, mji wa mawe wenye jumba la ghorofa na misikiti, uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wake wakauawa au wakachukuliwa utumwani. Nilipokuwa mtoto nilikuta humo vibakuli na ubani, kwa hiyo hatujaisahau. Lakini mizizi ya miti imekwisha kupasua kuta, na mgeni akiniuliza nyumba hii ilikuwa ya nani, sina la kumjibu. Scotland, iliyowaacha watu wake wakaondoka, imeandika jina katika kila nyumba. Sisi tuliobaki hatujaandika hata majina ya wazee waliokufa juzi.

Nimemwambia mjomba hivyo kwa simu. Nilimwomba aandike mashamba ya minazi na wenyewe wa zamani, akakataa papo hapo, kwamba nataka kumgombanisha na ndugu. Amekubali kuanza na visima, kimoja baada ya kingine, nani alikichimba na nani alikuwa akiteka. Anachotaka kwangu ni daftari lenye jalada gumu, kwa sababu ya mchwa.