Hiyo Picha ni ya Nini?

Kigoma hii unaweza kukaa barazani ukacheza drafti kuanzia adhuhuri mpaka taa ziwake, na hakuna atakayekuuliza unapata faida gani. Unaweza kushinda Kibirizi ukitazama boti zinavyopakia, husafiri wala humsindikizi mtu. Hayo ni mapumziko, na mapumziko ni haki ya kila mwananchi. Ila jaribu kunyanyua kamera. Nyanyua tu, hata kabla hujabonyeza. Atatokea mtu, sijui huwa wanakaa wapi hawa watu, na swali ni lilelile: "Hiyo picha ni ya nini?"

Ni ya kujifurahisha, ndugu yangu. Kazi ninayo nyingine. Lakini jibu hilo halijawahi kumridhisha mtu tangu ninunue hii kamera ya mtumba na lenzi yake ile ya kawaida, milimita 18 mpaka 55, ambayo ukiizungusha inalia.

Juzi nipo Katonga, akina mama wameanika dagaa. Dagaa akiwa bado hajakauka, jua likimpata kwa ubavu, anang'aa mwili mzima, na ukishuka mpaka usawa wa mchanga unaona kila mmoja ana kijicho chake cheusi kinakutazama wewe. Maelfu ya vijicho. Nimepiga magoti, nimeshapanga kila kitu, nasubiri kawingu kapite. Nasikia sauti nyuma:

"We baba, unapiga picha ya nini?"

"Shikamoo mama. Ya dagaa."

"Marahaba. Kwamba ni dagaa naona, nimewaanika mwenyewe. Ya nini?"

"Najifunza tu kupiga picha."

"Huna watoto?"

"Ninao."

"Sasa si ukawapige hao?"

Mwenzake aliyekuwa akigeuza dagaa upande wa pili akaja na hoja nzito zaidi. Alipita kijana mwingine na kamera, mpole hivihivi, shikamoo nyingi hivihivi, na haukupita muda ushuru ukapanda. Hakusema mambo hayo yanahusiana. Alisema tu yalifuatana. Ikabidi ninunue dagaa wa elfu tano ili nionekane mtu mwenye sababu. Picha yenyewe ina kivuli cha ndoo.

Kwa hesabu za mji huu, anayepiga picha nyumba yako anakuja kuibomoa, anayepiga picha kiwanja anakipima, na anayempiga picha mtoto mwenye tope anakwenda kumwombea msaada halafu aule mwenyewe. Siwalaumu sana, maana watu wa namna hiyo wamewahi kupita kwingi. Lakini jamani, mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye magamba ya samaki. Mpima viwanja gani hupiga magoti?

Wakishakubali kwamba huna nia mbaya, ndipo mateso yenyewe yanapoanza: sasa wanataka kupigwa wao. Na wanataka wasimame ufukweni, mgongo ziwani, jua linapozama.

Hapo ndipo ninapopata taabu. Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu na jua linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo. Kila mtu wa Kigoma anayetaka picha nzuri ya jioni lazima alipe jua mgongo. Kamera haijui shangazi yako ni nani. Inapima mwanga wote ulioingia, inatafuta wastani wa kijivu, na kwa kuwa nyuma kunawaka moto, inaamua kupunguza. Anga linatoka maridadi kabisa. Shangazi anatoka kivuli chenye mkoba.

"Simo," akasema shangazi, ameishika kamera kwa mikono miwili. "Anga limo, ziwa limo, mkoba wangu umo. Mimi simo."

Nikamweleza habari za wastani. Akaniuliza kama dukani walinipa risiti. Nikapima mwanga usoni kwake, akatokea vizuri, anga likapotea lote. Nikawasha flashi, ikamulika paji la uso na hereni moja.

Na hili la sisi kutotokea lina historia yake. Enzi za filamu, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zikaitwa Shirley. Uso wake ukitoka sawa, basi mashine iko sawa, na wewe ukitoka meno na macho ni shauri yako. Baadaye watu wa Kodak wenyewe walieleza kwamba waliosukuma filamu iboreshwe kwa rangi za kahawia ni watengeneza chokoleti na wauza samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kabati lilipata haki yake kabla ya shangazi.

Walimu wangu wa YouTube, wengi wako Uingereza na Marekani, wanasema usihangaike, subiri saa ya dhahabu, ule muda jua linapokaribia kuzama. Saa! Huko kwao jua linashuka kwa mshazari, linajivuta, unapata muda wa kunywa chai. Sisi tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, linashuka wima. Halafu tuko pembeni kabisa ya nchi lakini saa tunayofuata ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo kwetu linazama kwenye saa moja, wakati ambao muadhini anaadhini na mke anapiga simu kuulizia mkaa. Ukimaliza kurekebisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ni usiku. Na ukiipandisha sana hiyo ISO, picha inajaa chenga.

Nikasema basi, nitaupiga huo usiku. Taa za mitumbwi ya dagaa zinapendeza, hilo hatubishani. Lakini usidhani utazipata pamoja na mwezi mpevu. Mwezi ukijaa, dagaa hawana habari na taa ya mtu, wavuvi wanarudi nyumbani kushona nyavu. Ama uchukue mwezi, ama uchukue taa. Nikachukua taa. Giza likiwa nene, lazima uiache lenzi wazi kwa sekunde nyingi, kamera isitikisike hata kidogo. Stendi ya maana bei yake haitajiki mbele ya mke. Mwalimu mmoja wa mtandaoni akasema tumia mfuko wa maharage, ukiulalia kamera inatulia tuli. Maharage! Mtu anaishi mkoa wa Kigoma akose maharage? Nikajaza foronya nikapanda nayo kilimani Bangwe.

Kamera ilitulia. Mitumbwi ndiyo haikutulia. Kila taa ilipokuwa inayumba na wimbi ikajichorea mchirizi wake, picha nzima imejaa mwandiko wa daktari. Nikarudi nyumbani usiku, foronya imelowa umande.

"Baba Asha, maharage yangu yalifuata nini ziwani?"

"Hiyo ilikuwa stendi, mama Asha."

"Haya. Kesho utakula stendi."

Nimekula kweli. Zilikuwa na mchanga.

Sasa kuna hii lenzi nyingine, ya milimita hamsini, tundu lake la kupitishia mwanga 1.8. Kila mwalimu anakwambia ukiwa na hela ya lenzi moja tu, nunua hiyo. Kwanza aliyepanga hizo namba alikuwa na ugomvi na walimwengu: 1.8 ni tundu kubwa, 16 ni tundu dogo. Kumbe ni kugawanya. Hamsini gawanya kwa 1.8 unapata tundu la milimita 28 hivi, gawanya kwa 16 unabaki na tatu. Hesabu ya darasa la sita, ila hawakuambii mpaka uwe umeshalipa. Faida yake ni kwamba ukiifungua yote, mtu anatoka amekatika vizuri na nyuma yake kunakuwa ukungu laini. Watu wanatafuta ukungu huo kwa fedha nyingi.

Nikampiga jirani yangu, mama Zuhura, mbele ya nyumba yake. Kope moja moja unazihesabu. Nikamwonyesha nikisubiri pongezi.

"Baba Asha, huku nyuma pamepata nini?"

"Hapo ndipo ufundi ulipo, mama Zuhura. Nyuma pametoka ukungu ili wewe uonekane."

"Mimi watu wananijua. Geti ndilo hawajaliona."

Akamwita Zuhura na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Likatoka geti lote, na mbuzi, na kidole cha Zuhura. Ndiyo iliyokwenda status.

Hata zile wanazozipenda ni karaha. "Nitumie." Ukituma WhatsApp zinabanwa, wanasema hazina ubora. Ukituma nzima nzima, wanasema unawamalizia bando. Wanakata ziwa, wanaweka maua pembeni na maandishi ya Ijumaa njema. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji, na hizo picha za vitabuni zote ni za kuchorwa. Watu wakakutana, wakavuliana kofia, yakaisha. Hakuna aliyesema rudia, nilifumba macho. Na mpiga picha Hugo van Lawick alipofika Gombe mwaka 1962 kuwapiga sokwe picha, wakajulikana dunia nzima, mpaka leo sijasikia sokwe aliyeulizia nakala.

Mwezi huu mama Zuhura anaoza binti wa dada yake. Nimepewa kadi ya mchango, na papo hapo nikaambiwa nimo kwenye kamati ya picha. Kamati yenyewe ni mimi. Nikauliza kwa unyenyekevu, je, kwa kuwa nitapiga picha toka kumpamba bibi harusi mpaka kukata keki, mchango wangu si utakuwa umeingia humo?

"Picha ni upendo," akasema mama Zuhura. "Mchango ni mchango." Akafungua daftari, akaandika jina langu kwenye safu ya wanaodaiwa. Halafu akanisogelea, akashusha sauti. "Uje na ile lenzi yako ya ukungu. Kuna ndugu wa bwana harusi watakaa nyuma ya meza kuu, hatutaki waonekane."