Usinunue dashibodi kwa sababu ya U0155

Juzi mteja aliniletea gari dogo la Kijapani likiwa limeshafungwa dashibodi nyingine ya mtumba, na ugonjwa uko palepale: mishale ya spidi na mafuta inaanguka ghafla, taa zote zinazima, akipita tuta zinarudi. Alikopimiwa kwanza mashine ya kusoma hitilafu za gari ilitoa msimbo U0155, akaambiwa dashibodi imekufa, akalipa. Sasa anaendesha gari linaloonyesha kilomita za gari la mtu mwingine, maana kwenye magari mengi hesabu hiyo hukaa ndani ya dashibodi yenyewe.

Jambo hili linaniuma kwa sababu naliona mara nyingi mno. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Herufi U inahusu mawasiliano kati ya maboksi ya gari, yaani kompyuta zake ndogo, kama P inavyohusu injini na gia. U0155 ni malalamiko ya boksi jingine: limeita dashibodi, halikujibiwa. Kwa nini halikujibiwa, mashine haijui. Kulitafuta jibu hilo ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo anayolipiwa.

Mimi huanza na betri. Ikitulia iwe na volti 12.6 hivi; ikiwa dhaifu, ukipiga stata umeme unashuka, maboksi yanapotezana na misimbo ya U inajaa kwenye kioo cha mashine. Kisha nafuta yote, naendesha gari, naangalia upi unarudi. Msimbo uliobaki tangu siku betri ilipochomolewa haustahili hata shilingi moja ya mteja.

Kwa gari hili betri ilikuwa nzima, fyuzi nazo nzima. Nikachomoa betri, nikapima kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kupimia: omu 60. Nyaya mbili za mtandao wa gari, zile tunazoziita CAN, zina rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, hivyo 60 ni afya. Ningepata 120 ningejua kuna mahali pamekatika. Nikarudisha betri, nikawasha taa, nikapima kutoka erthi ya dashibodi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, hadi hasi ya betri. Volti 1.8! Hapo hata 0.2 ni nyingi. Bolti ya erthi, pale karibu na miguu ya dereva, ilikuwa imelegea na kushika kutu. Kuisugua kwa msasa na kuikaza hakukufika nusu saa.

Fundi akikutajia bei ya dashibodi kabla hajashika multimita, mwambie asubiri. Muulize volti ngapi zinafika kwenye dashibodi, na erthi ameipimaje. Huko si kumdharau. Fedha ni zako.

Dashibodi yake ya zamani mteja wangu aliiacha kulekule alikofungiwa hii. Nimemwambia aifuate leo hii kabla haijauzwa, kwa kuwa ndimo zilimo kilomita za gari lake.