Ukuta Mkavu Utaupata Wapi Mombasa?

Kumbe dari yangu haivuji. Nimeelimishwa asubuhi hii, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba chumbani mwangu pametokea "tukio la maji la daraja la pili, lenye uharibifu wa awali na uharibifu wa upili." Godoro letu lililooza nalo limo, ukurasa wa tatu, chini ya "nyenzo nyonyaji." Mke wangu akauliza na mito je. Nikamwambia mito pia ni nyenzo nyonyaji, mama watoto, tulale kwa heshima.

Ya mwenye nyumba mnayajua. Kodi tarehe mosi, ukarabati inshallah.

Kwanza nilimleta fundi wa mtaani, karai begani, mwiko mfukoni. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukajibu "bu." Akasema, "Ami, huu umefura." Akauchokonoa kidogo tu, lipu ikaporomoka kipande kizima, nyuma yake unga mweupe mtupu. "Chumvi," akasema. "Nyumba ni ya matumbawe na chokaa, nyinyi mkaivisha saruji. Maji yakishaingia hayapati pa kupumulia. Yanazunguka ndani yakibeba chumvi, yakikauka yanaiacha hapa, nayo inaisukuma lipu mpaka itoke. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, hapakutiwa saruji hata karai moja." Alitaka chokaa, mchanga uliooshwa, kibarua mmoja na chai. Mwenye nyumba akasema huyo hana karatasi.

Basi akaletwa mwenye karatasi.

Kijana nadhifu, helmeti nyeupe, tableti mkononi, viatu vya kujikinga na matofali ambayo hatuna. Nikamkaribisha kahawa. Akasema asante mzee, lakini kwanza lazima ajue maji haya ni ya daraja gani. Yapo matatu, kwa kanuni za Wamarekani anazozifuata: ya kwanza safi, yametoka kwenye paipu, ya pili yana uchafu kiasi, mfano ya mashine ya kufulia, ya tatu ndiyo najisi yenyewe, ya choo na ya mafuriko. "Yenu yanatoka wapi?"

"Kwa mama wa juu."

Tukapanda. Mama wa juu, leso moja kifuani nyingine begani, aliposikia maji yake yanapimwa uchafu, alisimama katikati ya mlango akaujaza. "Maji yangu? Maji ninayonunua mtungi kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni, leo yamekuwa ya daraja? Nani kakwambia mimi mchafu, huyu wa chini?" Ilibidi nimwapie kwamba mimi nililalamikia dari tu, sikutaja usafi wa mtu. Kijana aliinamia tableti yake akaandika: daraja la pili. Kisha akaniambia kwa upole kwamba maji yakikaa sana hupanda daraja. Mimi nimekaa nyumba hii tangu nioe, sijapanda daraja lolote.

Akatoa kidude chenye miiba miwili, akakichoma ukutani. Kikalia pii. Vizuri, nikasema, umelowa, hata mimi nilijua, sasa tufanye nini? Akasema hapana. Huwezi kukausha kitu hujui kikavu chake ni kipi. Unatafuta kwanza ukuta usioguswa na maji, wa aina ile ile, nyumba ile ile, unaupima, hicho ndicho kipimo chako cha ukavu. "Nionyeshe ukuta wowote mkavu, mzee."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Ukuta wa ngazi: pii. Ukuta wa ukumbi: pii. Tukaenda kwa bibi wa chumba cha nyuma, akasikia kuna mtu anapima, akatoa mkono apimwe presha. Ukuta wake: pii. Tukashuka dukani, mwenye duka akahamisha magunia huku akisonya, na hapo ndipo mtaa mzima tulipojua kwa nini mchele wake una harufu ile. Pii. Watoto walishajipanga nyuma yetu, kidude kikilia nao wanalia "piiii!" Mzee wa barazani akashauri kijaribiwe kizingiti cha mlango, mbao ya zamani, imeona masika mengi. Kijana akamweleza kwamba mbao si ukuta. Mzee akasema jaribu tu, mwanangu, kujaribu si kesi. Pii.

Kijana akavua helmeti. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye tableti, na kile kidude chenyewe kimeingia mvuke kiooni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna kabisa kitu kikavu humu?"

Mtoto mmoja akanyosha kidole. "Kipo. Mfereji wa jikoni."

Akaandika alichoandika. Ripoti inapendekeza mashine za kukausha hewa, ziwake usiku na mchana kwa siku kadhaa, madirisha yote yamefungwa. Madirisha! Yafungwe! Na tokeni za umeme nizitoe wapi? Kukausha hewa ya Mombasa ni kuinywa Bahari ya Hindi kwa kijiko cha chai.

Halafu kuna swali la bima ya mwenye nyumba: je, uvujaji ulianza ghafla au polepole? Ghafla hulipwa. Polepole ni uchakavu, hulipwi hata senti. Nauliza, katika mji huu nani kitu chake kimewahi kuharibika ghafla? Vyetu vyote huharibika polepole, huku tunapiga simu.

Na kuvu haisubiri muhuri. Yenyewe ikipata unyevu, siku moja au mbili inatosha kuanza. Ripoti imekuja mwezi mwingine. Imeota nyuma ya kabati, imeota kwenye viatu vya shule, imeota kwenye kanzu yangu ya Idi, na mdogo wangu wa mwisho anakohoa usiku mpaka nakaa kitako naye. Sitaki daraja mimi. Nataka mtu mwenye mwiko!

Jibu la mwenye nyumba limeshafika: atapaka rangi. Kama alivyopaka 2018, kaunti ilipoamuru majumba ya mjini yawe meupe na buluu, akaupaka ukuta wa mbele ungali umelowa, ya plastiki tena, masika yakaibandua mapande mapande. Sasa imekuwa mandhari. Wageni wanasimama mlangoni kwangu kuipiga picha, na yule kijana anayewatembeza nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba ufa ule mkubwa, ule wa bomba la choo, ulipasuliwa na mzinga wa Mreno. Wakashangaa, wakampa bakshishi nono, akapita akanisalimia "shikamoo mzee" bila hata kunigawia ya kahawa. Nimeshamtumia salamu: akirudi na kundi jingine, mzinga ule una kodi, na inalipwa tarehe mosi.